Mnaosema kazi ya mishahara ni Ekseli tu, njooni hapa (Arusha na Moshi mnahusika)

Mzee wa Makato

Wakuu, heshima kwenu.

Mpwa wangu amemaliza Chuo cha Uhasibu pale Njiro. Wiki iliyopita akapata nafasi kwenye kampuni moja ya utalii hapa mjini, wamemwambia ataanza na mishahara. Akaja kwangu Sakina amenuna. Anko, anasema, mimi nimesoma ukaguzi wa hesabu, hawa wananiweka kuburuta fomula. Sikumjibu palepale maana nilikuwa na ugali mbele yangu. Ila neno limenikaa. Naliweka hapa, na yeye yumo humu kwa jina lingine, atasoma.

Mimi niko kwenye mishahara tangu 2012. Nilianzia shamba la maua upande wa Usa River, kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Leo najitegemea, nashika mishahara ya ofisi sita: nne za utalii, shule moja Moshi na gereji moja pale mtaani Unga Ltd.

Kukokotoa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Karatasi ya Ekseli ikishapangwa vizuri, watu 200 wanaisha kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe ni kujua nini kimebadilika tangu mwezi uliopita, na kuishika karatasi inayothibitisha. Nani kaanza, tarehe ngapi. Nani kaacha, na je, siku zake za likizo zimebaki ngapi, maana zinalipwa. Nani yuko likizo ya uzazi, siku 84, mapacha 100. Nani kapandishwa mshahara na bosi kwa mdomo kwenye sherehe ya Krismasi na barua haijaandikwa hadi leo, na huyo ndiye atakayekuwa mlangoni kwako asubuhi ya tarehe 28 anasema umemwibia.

Kuanzia tarehe 18 ya kila mwezi nina swali moja tu mdomoni: karatasi iko wapi? Mke wangu kashalizoea. Nikimuuliza mtoto kama kafanya mtihani, ananijibu yeye: karatasi iko wapi.

Niwape kisa kimoja. Kule shambani vibarua walilipwa taslimu kila Jumamosi. Nyapara analeta orodha, kibarua anaweka dole gumba kwenye jina lake, wino wa zambarau, anapewa bahasha. Jumamosi moja umeme umekatika, kompyuta imezima, sina la kufanya, nikawa naangalia tu yale madole kama mtu anayeangalia picha. Dole la namba 41 lina kovu, limepita mshazari kutoka kushoto. Nikashuka chini. Namba 58, kovu lilelile. Namba 63, lilelile.

Sikumwambia mtu. Jumatatu nyapara akaja kuchukua buti mpya, nikampa risiti nikamsogezea kile kidau cha wino. Akacheka, akasema yeye anajua kuandika, amefika darasa la saba. Nikamwambia kalamu imeisha wino. Akaweka dole. Kovu likapita mshazari kutoka kushoto.

Kwa hiyo ile 2016 Serikali ilipofanya msako wa watumishi hewa, majina yanayolipwa bila mtu kuwepo kazini, na kukuta zaidi ya 10,000, watu ofisini walishika vichwa. Mimi niliendelea na maandazi yangu. Mtu hewa haingii kwenye orodha kupitia dirishani. Anaingizwa na mtu mwenye jina, mwenye mkono na mwenye kalamu, na wa kwanza mwenye nafasi ya kumwona ni yule anayekaa na mishahara. Huyo ndiye mpwa wangu anayesema anaburuta fomula.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyopata muda.

ChaliiWaMianzini

Mzee umeua hapo kwenye kalamu imeisha wino. Nyapara alifanywaje?

Halafu swali la kweli sasa. Mimi nina diploma ya uhasibu, naomba kazi mwaka wa pili huu. Nikisema nataka mishahara naanzia wapi? Lazima niwe na CPA, kile cheti cha juu cha uhasibu?

Mzee wa Makato

Nyapara aliondoka, mambo yake na uongozi siyaweki humu.

CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, inakusaidia ukitaka kupanda kuwa mhasibu mkuu. Kwa kiti cha mishahara, mimi sina na sijawahi kuulizwa. Ninaowajua wengine wametokea rasilimali watu, na pale Moshi kuna dada hodari kabisa katokea Chuo Kikuu cha Ushirika, alisomea mambo ya sakosi. Unachoulizwa kwenye usaili ni hiki: wanakupa karatasi, mtu analipwa kadhaa, ana deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, toa anachoondoka nacho. Wengi wanafeli hapo, wana digrii na wanafeli.

Chukua huu mfano ujipime. Mtu wa sekta binafsi, mshahara ghafi 850,000. Ndani yake msingi ni 700,000, zinazobaki ni posho ya nyumba na usafiri zinazolipwa kila mwezi.

Kwanza unatoa NSSF yake, mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 10: 85,000. Inabaki 765,000. Hiyo ndiyo inayokatwa kodi, si ile 850,000. Unaingia kwenye jedwali la PAYE, kodi ya mshahara, la Tanzania Bara. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi (ilikuwa 9, ikashuka Julai 2021). Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni 20,000 kujumlisha asilimia 20 ya kinachozidi. Kutoka 760,000 hadi milioni moja ni 68,000 kujumlisha asilimia 25. Juu ya milioni, 128,000 kujumlisha asilimia 30. Kwa huyu wetu, 68,000 na robo ya 5,000, jumla 69,250.

Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya msingi, 105,000. Hii haipunguzi kodi, unaitoa baada. Anabaki na 590,750.

Kuna na upande ambao mfanyakazi haoni kwenye slipu: mwajiri anaongeza NSSF yake 85,000, anaongeza mfuko wa fidia, WCF, asilimia 0.5 ya ghafi, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Hiyo SDL namba yake inahamahama. Julai 2023 ilishuka kutoka 4 hadi 3.5, na namjua mwenzetu aliyeiacha 4 kwenye fomula yake mpaka Oktoba. Kampuni ikalipa zaidi miezi mitatu na hakuna aliyemshukuru kwa uzalendo wake. Kila bajeti ya Juni ikisomwa bungeni, wenzako wanaangalia bei ya bia na soda, wewe unasikiliza kodi ya mishahara.

Ukiweza kuufanya huo mfano bila kunitazama, tembea na barua zako.

BintiKijenge

Kaka samahani, hapo kwenye "hiyo ndiyo inayokatwa kodi, si ile 850,000" umenishtua. Mimi mshahara wangu ghafi ni hiyohiyo 850,000, niko ofisi binafsi, sina deni la Bodi. Nimefungua slipu yangu sasa hivi. NSSF 85,000. PAYE 90,500. Napokea 674,500. Ni mimi sijaelewa au?

Mzee wa Makato

Umeelewa, dada yangu. Kwako wanakata kodi kwanza juu ya 850,000 nzima: 68,000 kujumlisha robo ya 90,000, ndiyo hiyo 90,500. Wangetoa NSSF kwanza ungekatwa 69,250. Tofauti 21,250 kila mwezi.

Usiende na hasira. Si lazima iwe wizi, mara nyingi hiyo hela imekwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kweli. Ni mtu tu kapanga safu vibaya siku ya kwanza na waliofuata wakarithi. Omba slipu zako zote toka umeajiriwa, ziweke kwenye bahasha, mfuate anayeshika mishahara mkiwa wawili tu, mwoneshe moja. Uliza kwa upole NSSF inatolewa kabla au baada. Ukimwuliza mbele ya bosi atajitetea, na mtu akishaanza kujitetea hasikii tena.

Utujulishe.

Mama Wawili wa Rau

Shikamoo kaka Mzee wa Makato. Mimi ni mhasibu wa shule binafsi huku Moshi, mishahara ni moja tu ya kazi zangu ila ndiyo inayonikosesha usingizi.

Umeongelea hesabu, hujagusa mikopo. Mwalimu anakuja kwangu tarehe 5, mshahara umetoka 28. Anataka karadha. Namwangalia kwenye orodha: sakosi wanamkata, benki wanamkata, Bodi wanamkata, na kadi yake ya benki iko kwa mtu wa kausha damu, mkopeshaji wa riba kali, pale karibu na Mbuyuni, kamwachia na namba ya siri. Mwezi uliopita kilichoingia mkononi mwake ni 41,000. Ana watoto watatu. Ananiambia mama naomba hata 30,000. Mkuu wa shule kanizuia, nimeandikiwa nisitoe. Hapo ndipo unasoma hesabu au unasoma dini?

Na mwaka jana projekta ilivunjika darasani. Mkuu akaniandikia kimemo: kata walimu wa kidato cha pili wote, gawa sawa. Nilikataa. Aliniona mkaidi mwezi mzima, salamu zikawa za kichwa tu.

Mzee wa Makato

Marahaba mama. Ulikataa vizuri.

Niiweke wazi kwa wengine, maana hii ndiyo inayowaponza vijana wanaopokea kimemo na kukata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hakati mshahara mpaka sheria imeruhusu, au mkataba wa hali bora, au amri ya mahakama au tuzo, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kwamba anadaiwa. Kwa kitu kilichoharibika ni zaidi: iwe ametenda kosa yeye, akiwa kazini. Aandikiwe sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara yenyewe, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. "Gawa sawa" haimo humo.

Ile theluthi moja mnayoisikia ni ya watumishi wa umma, mtumishi lazima abaki na theluthi ya msingi baada ya makato. Mtu wa shule binafsi akija kuniambia "lakini theluthi yangu" namwonea huruma, sina karatasi ya kumsaidia.

Kuhusu 30,000 ya yule mwalimu sina jibu. Mimi nilishawahi kutoa mfukoni. Sikurudishiwa, na mwezi uliofuata wakaja watatu.

Mwajiri Mnyonge

Naona humu mwajiri ndiye shetani. Nina kampuni ndogo ya safari, magari matatu. Nikimwajiri dereva kwa 900,000 Serikali inanikamua kama ng'ombe. Ninachofanya naandika mkataba wa 270,000, hiyo haina PAYE, NSSF yake kidogo, zinazobaki nampa mkononi. Dereva mwenyewe ndiye aliyeniomba. Nani kaumia hapo?

Mzee wa Makato

Mkuu, asante kwa ukweli wako. Nitakujibu bila kukuhubiria habari za kodi, hizo TRA watakuhubiria wenyewe.

Nilikuwa na mteja wa hivyohivyo, tulishaachana. Dereva wake aligonga lori upande wa Makuyuni akirudi na wageni kutoka Manyara. Mguu ukavunjika mara mbili. Tukapeleka taarifa WCF. Fidia inahesabiwa kwa mshahara uliotajwa kwenye michango, na uliotajwa ni 270,000. Yule kijana alikuwa analipa kodi ya nyumba ya 150,000 Kijenge. Mke wake alikuja ofisini na daftari ameandika humo kila hela ambayo mumewe aliwahi kupewa mkononi, tarehe na kiasi, kwa penseli. Alidhani likionwa litakubaliwa. Mimi ndiye niliyelifungua hilo daftari, na mimi ndiye niliyekuwa nimetuma ile 270,000 kila mwezi.

Na fao la uzazi NSSF ni hadithi hiyohiyo, na pensheni, na mkopo wa benki atakapotaka kujenga. Dereva aliyekuomba hajawahi kuvunjika mguu bado.

Tangu hapo nikipewa mikataba miwili ya mtu mmoja naomba radhi nanyanyuka. Nimepoteza wateja wawili, mmoja alikuwa ananilipa vizuri sana. Sasa ana mtu mwingine.

Mwajiri Mnyonge

Nimekusikia. Sijasema nimekubali.

ChaliiWaMianzini

Huyu wa magari matatu asijali, ana watu wangapi kwani? Mzee si umesema SDL ni kuanzia 10?

Mzee wa Makato

Ndiyo, tangu Julai 2021, zamani ilikuwa wanne. Namjua jamaa Ngaramtoni ana wafanyakazi 9, na ukimtajia wa 10 anabadilisha mazungumzo.

Mangi wa Kiborloni

Aise, mimi ni mpagazi, Mlima Kilimanjaro naupanda mwaka wa nane. Nyie watu wa mishahara tunawasema sana mkiwa hampo. Tunashuka leo, tumebeba kilo 20 siku saba, hela inakuja baada ya wiki mbili, na ikija imepungua siku moja. Ukipiga simu: "tunahakiki". Mnahakiki nini? Mlima uko palepale.

Mzee wa Makato

Mangi, pole na kazi. Nikueleze ninachohakiki, halafu utukane ukitaka.

Orodha yako hainifikii mimi kutoka kwako. Inaandikwa na kiongozi wa msafara, getini, mara nyingi kwa mkono, mvua inanyesha. Anaipiga picha anamtumia meneja, meneja ananitumia mimi. Inafika imepinda. Naandika ninachokiona: "Juma, Juma M, Juma mdogo, Juma wa Rau, Juma." Namba za simu za watatu tu, moja ina tarakimu tisa. Halafu kuna aliyeishia njiani siku ya tatu kwa kuumwa, akapanda mwingine, na hakuna aliyeandika ni nani na lini. Sasa hapo nikitupa hela kwa kubahatisha, Juma wa Rau anapata ya Juma mdogo, na Juma mdogo anakuja kunisubiri nje na wenzake sita.

Siku moja inayopungua mara nyingi ni siku ya kushuka. Kiongozi anahesabu usiku, sita, badala ya siku, saba. Hilo ni kosa letu na nimeshalipigia kelele. Dawa niliyoweka kwa ofisi zangu ni ndogo: kila mpagazi anajisajili mara moja tu kwa kitambulisho cha NIDA na simu iliyosajiliwa kwa jina lake, anapewa namba, kiongozi anaandika namba, si jina. Na orodha inalinganishwa na ile ya getini ya hifadhi. Waliokubali wanalipa ndani ya siku tatu. Mmoja bado, anasema viongozi wake wa msafara ni wazee, hawataki mambo ya namba.

Mangi wa Kiborloni

Kumbe. Ila hiyo ya kuhesabu usiku mmetuonea miaka.

Mzee wa Makato

Kweli kabisa.

DadaWaNjiroTena

Swali kwa mleta uzi: ovataimu. Mimi HR, kila mwezi napigana na mhasibu. Yeye anagawa mshahara kwa siku 30 halafu kwa saa 8. Mimi nasema siyo.

Mzee wa Makato

Siyo. Wiki ya sheria ni saa 45, mwezi ni wiki 4.333, kwa hiyo unagawa msingi kwa 195. Mwenye msingi wa 390,000, saa yake ni 2,000. Ovataimu ya kawaida mara moja na nusu, 3,000. Siku yake ya mapumziko au sikukuu mara mbili, 4,000. Kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, unaongeza asilimia 5 juu ya saa. Na ovataimu ina kikomo, saa 50 kwa wiki nne, siyo mlinzi unamwandikia 120 halafu unamsifu kwa bidii.

Ukigawa kwa 30 kisha 8, unagawa kwa 240. Huyo wa 390,000 saa yake inakuwa 1,625. Kamwonyeshe mhasibu wako jedwali la kwanza nyuma ya sheria yenyewe, hesabu zimo humo.

Kaka Mtandao

Naheshimu uzoefu wenu ila tuongee ukweli, hizi programu za mishahara na akili bandia zinakuja kuwazika. Ofisini kwetu programu inavuta mahudhurio kwenye mashine ya alama za vidole, inakata kila kitu, inatuma benki.

Mzee wa Makato

Ninazitumia, mbili. Ninazipenda. Ile ya vidole ingenisaidia sana enzi za nyapara. Nani aliyesajili vidole vya watu kwenye mashine yenu wakati inawekwa? Nauliza tu.

ChaliiWaMianzini

Mzee wewe mwenyewe hujawahi kuchemka? Unaongea kama malaika.

Mzee wa Makato

Nilijua litakuja.

2014, kule shambani. Ijumaa, watu 212 wa kudumu. Benki walitaka faili lenye jina, namba ya akaunti, kiasi. Nikaona majina yamechanganyikana, nikaamua kuyapanga kwa alfabeti yapendeze. Nikachagua safu ya majina peke yake. Nikapanga. Majina yakahama, akaunti na viasi vikabaki palepale. Nikaangalia jumla ya chini, imelingana na ya daftari hadi senti. Nikatuma saa 8 mchana.

Saa 10 mlinzi wa geti ananipigia: mzee, ubarikiwe. Nikajua sijafanya jambo la kubarikiwa. Benki ile ilikuwa inafuata namba tu, jina haiangalii, kwa hiyo akaunti na viasi vilivyobaki pamoja vingekuwa sawa tu. Sasa kwa nini mlinzi ananibariki? Kwa sababu kabla ya kutuma nilipoona nimeharibu majina nilijaribu kurudisha kwa mkono, nikabandika safu ya viasi ikashuka mstari mmoja, cha mwisho kikaangukia kwa wa kwanza. Karibu kila mtu akapata mshahara wa aliye juu yake kwenye orodha. Mlinzi alikuwa chini ya mtaalamu wa umwagiliaji. Mtaalamu wa umwagiliaji alikuwa chini ya mama wa jikoni.

Jumla bado ilikuwa imelingana. Ndiyo maana siku hizi siiamini jumla peke yake. Nachagua watu 10 kwa kufumba macho, nafungua mkataba wa kila mmoja, nalinganisha mstari wake wote. Na naweka orodha ya mwezi huu pembeni ya mwezi uliopita, yeyote aliyebadilika kwa zaidi ya shilingi elfu naomba karatasi yake.

Tulirudisha karibu zote. Mlinzi alirudisha Jumatatu asubuhi, ametoa nauli ya daladala tu na akaandika kwenye karatasi kwamba anadaiwa 800. Mmoja alikwishatoa yote akaenda kwao Babati kulipa mahari. Tulimkata kidogo kidogo kwa maandishi yake, ikachukua miezi saba. Yeye na mke aliyemwoa kwa hela ile wana watoto wanne sasa, na ananisalimia vizuri kuliko mtu yeyote wa shamba lile.

Mimi niliandikiwa onyo, na nilistahili.

Mama Wawili wa Rau

Nimecheka nikakumbuka yangu, siisemi.

Kaka gusia na siri. Kwangu ndiyo ngumu. Kanisani nakaa benchi moja na watu ambao najua wanapata nini, na wanavyotoa ahadi za harambee najua nani anadanganya.

Mzee wa Makato

Mama hapo umenivunja mbavu.

Siri ni nusu ya mshahara wetu sisi. Shemeji yangu alifanya kazi kwenye ofisi niliyoishika, miaka miwili dada yangu ananiuliza kijanja: "hivi siku hizi wanalipaje pale?" Nilisema vizuri, mpaka leo. Na vijana: tabia ya kutuma orodha nzima ya mishahara kwenye kundi la WhatsApp ili "kila mtu aangalie yake", acheni. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Kila mtu slipu yake, kwenye simu yake.

Tarehe nazo, kwa yule chalii, ziandike ukutani: PAYE na SDL tarehe 7 ya mwezi unaofuata, Bodi ya Mikopo tarehe 15, NSSF na WCF kabla mwezi huo haujaisha. Ikiangukia kipindi mtandao umelala, hayo ni yako na Mungu wako, toa kontrol namba, ile namba ya kulipia, mapema.

BintiKijenge

Nimerudi jamani, wiki mbili zimepita.

Nilifanya kama kaka alivyosema. Nikaenda na bahasha yangu, wawili tu. Dada wa mishahara akachukua kalkuleta, akafanya mara mbili, akanyamaza. Akaniambia: mimi nimeikuta hivi. Miezi yangu ni 14, jumla 297,500. Tupo watu 31. Amefunga mlango tukakaa naye mpaka saa 12 jioni tunahesabu za wote. Alikuwa anatetemeka kaka, nikamwambia mimi sitamtaja kwa mtu.

Bosi ameambiwa. Amekasirika kwanza, kisha akaita mshauri wa kodi. Wanasema watarekebisha ritani za nyuma TRA na hela itafidiwa humohumo kwenye kodi za mbele. Mwezi huu slipu imekuja PAYE 69,250. Mpya hiyo. Za nyuma bado nasubiri.

Mzee wa Makato

Safi sana. Omba hilo la kurekebisha liwe kwa barua au imeili, hata mistari miwili. Na yule dada msimwache peke yake, kosa si lake, ila ndiye atakayelala nalo.

Fomula_Sifuri

Anko ni mimi. Nimesoma yote. Nilianza Jumatatu.

Wamenipa mishahara ya wapagazi. Leo tarehe 26, msafara umeshuka jana kwenye geti la Mweka, kiongozi ametuma orodha sasa hivi, picha imelowa. Majina 22. Kuna Juma wanne na mmoja amefutwa akaandikwa juu yake, ama Juma ama Jumanne. Meneja anasema nilipe tu, wanamsumbua kwenye simu. Nifanyeje?

Mzee wa Makato

Usilipe. Mpigie kiongozi wa msafara, si meneja. Mwulize huyo aliyefutwa aliingia siku ya ngapi na alichukua mzigo wa nani. Halafu omba ya getini. Nipigie ukishaipata, niko macho.

Mangi wa Kiborloni

Mweka jana? Huyo ni Jumanne, ni mtoto wa Rau, alipanda siku ya tatu kambini Barranco. Juma aliyefutwa ndiye aliyeumwa. Mlipe na yeye siku zake mbili, msimfute.